Samli Kwenye Diski

Kuna aibu ya kufumaniwa na kuna aibu ya kutofumaniwa. Ya kwanza hupita, maana watu wakishakucheka huchoka, wakaenda kupika. Ya pili ndiyo mbaya, mabinti zangu. Hiyo hulala na wewe kitanda kimoja, na asubuhi inaamka kabla yako. Edda, binti wa Mzee Romani wa Bagara, aliijua hiyo ya pili Jumapili moja baada ya misa, uani kwao, mbele ya mwanaume aliyempenda kuliko roho yake.

Alikuwa anaanua nguo aliposikia kelele za watu njiani. Mara akamwona kaka yake, Leonard, analetwa ameshikwa makwapa na vijana wawili, shati limechanika mgongoni, mkono wa kushoto unaning'inia kama si wake. Nyuma yao alikuja Saibulu, fundi baiskeli wa karibu na stendi, ameibeba baiskeli ya Leonard begani, anahema. Alikuwa amekimbia tangu alipopewa habari.

"Mama yangu!" akalia Christina, mama yao, akautupa ungo wa maharage. "Leonard! Umegongwa na gari?"

"Sijagongwa, mama." Meno yalikuwa yanamgongana. "Ni breki. Nimeshika breki ikawa kama nimeshika mkia wa kambale. Nimeshuka nayo kutoka kule juu mlimani Kwaraa mpaka kwenye uzio wa watu."

"Breki ipi?" akauliza Mzee Romani akitoka ndani, bado amevaa koti la kanisani.

Mtaa mzima ulijua breki ipi.

Baiskeli ile Leonard aliipata mitumbani, ya zamani, nzito, aina ile ya wazungu wanaoshindana kuteremka milima, ina springi mbele na nyuma. Breki zake zilikuwa za mpira, za kubana rimu, na kwenye mteremko mrefu mpira ulipata moto ukanuka. Saibulu akasema gurudumu la nyuma linaweza kuwekwa diski, kama la pikipiki. Mafundi wenzake wakamcheka. Fremu ile ilitengenezwa kabla watu hawajazoea diski kwenye baiskeli. Haikuwa na mahali pa kufungia kalipa, kile kidude chenye pedi mbili kinachoibana diski. Kuchomelea nako haikuwezekana, maana fremu ni aluminiamu, na moto wa mafundi wa mtaani ungeitoboa kama karatasi.

Saibulu akachukua chuma bapa. Akakikata, akakipiga tupa, akakipachika kwenye ekseli ya gurudumu ili kibebe kalipa. Ncha ya pili ya chuma akaifunga kwa klipu kwenye bomba la fremu, ili breki ikibana chuma kisizunguke nayo. Alikifunga akakifungua, akaongeza washa, kipete cha chuma chembamba kama ukucha, akakifunga tena, hadi diski ikapita katikati ya pedi bila kugusa huku wala huku.

Na kilichompa moyo huo si baiskeli. Kilichompa moyo ni Edda.

Maana Mzee Romani alikuwa amesema, tena mbele ya wageni, "Mmasai asiye na ng'ombe namwelewa, ukame upo. Lakini Mmasai wa spana? Huyo simwelewi hata kidogo." Watu wakacheka. Alipoona Saibulu hajacheka, akaongeza, "Haya, kijana. Ukiifunga hiyo breki yako, na mwanangu akashuka nayo mlima salama, wazee wako waje wabishe hodi, tuzungumze posa." Mzee alisema kwa utani. Saibulu aliyabeba maneno yale kama kiapo.

Jumamosi aliijaribu mwenyewe. Aliteremka kwa kasi mpaka Edda akafumba macho, akaja kusimama hatua chache mbele yake, kimya, vumbi likampita yeye na baiskeli likaenda zake. Edda alipofumbua macho akamkuta anamtazama, jasho linamtiririka shingoni, anatabasamu nusu.

"Imeshika?" akauliza Edda.

"Imeshika. Sasa na wewe ushike."

"Nishike nini?"

"Moyo. Mzee wangu anakuja."

Jioni hiyo baiskeli ikaachwa uani kwa Mzee Romani, tayari kwa Leonard. Laiti ingelala ndani na mlango ukafungwa.

*

Basi Jumapili ile pale uani, Saibulu aliiteremsha baiskeli chini, akachuchumaa nyuma yake. Alitikisa kile chuma alichokipiga tupa, hakikutikisika. Alivuta waya; ulikuwa umekaza. Akapitisha kidole juu ya diski. Akakisugua kidole kwa dole gumba, taratibu. Akakipeleka puani.

Akaganda.

Kisha akainua macho. Hakumtazama Leonard, wala hakumtazama mzee. Alipitisha macho katikati ya mashuka yaliyoanikwa mpaka yakamkuta Edda, yakatulia pale. Hayakuwa macho ya hasira. Afadhali yangekuwa ya hasira! Yalikuwa macho ya mtu anayeuliza jambo kwa upole na yuko tayari kusubiri jibu.

Edda akainamisha kichwa, akaanza kukunja taulo.

"Haya, fundi," Mzee Romani akanguruma. "Tuambie. Mwanangu amevunjika kwa sababu gani?"



"Kosa ni langu, mzee," akasema Saibulu. "Niliifunga mimi."

"Uliifunga wewe! Uliifunga kwa mikono au kwa miguu?"

"Baba, Jumamosi ilikuwa inashika," Leonard akajaribu kumtetea. "Nilimwona kwa macho yangu."

"Nyamaza wewe! Ilishika kwa sababu ilikuwa imembeba yeye. Ilipombeba wangu ikaachia." Mzee akamgeukia Saibulu. "Kijana, chukua chuma chako uondoke. Wazee wako waambie wasijisumbue na nauli."

Saibulu akabeba baiskeli. Alipofika kwenye lango aligeuka mara moja. Edda alikuwa bado anakunja lile taulo, akilikunjua, akilikunja tena.

Ukweli aliujua yeye peke yake. Wiki hiyo ya mnada, Nenkai, mama yake Saibulu, alikuja kutoka Simanjiro, na Edda akaenda kumwamkia kule gereji bila kuaga nyumbani. Yule mama alimshika mashavu kwa viganja viwili, akampa kibuyu kidogo cha samli. "Mwanangu," alimwambia, "kwetu kitu kitakachombeba mtu tunakipaka samli kidogo, kimpeleke na kimrudishe." Edda akakificha kibuyu chini ya kitanda kama pete ya uchumba. Jumapili alfajiri, wenzake wakijiandaa kwa misa, akatoka uani kubariki kazi ya mikono ya mchumba wake. Akapaka usukani, akapaka kiti. Halafu akaiona diski: inang'aa, kavu, chuma tupu kinachozunguka. Nyumbani kwao chuma kinachozunguka hutiwa mafuta. Cherehani ya mama yake ilitiwa mafuta, mnyororo ulitiwa mafuta, hata bawaba za mlango. Akaona huruma. Akaipaka huku na huku mpaka ikateleza vizuri, akatabasamu peke yake gizani.

Alipaka kwa mapenzi. Lakini angesemaje? Angesema ameenda kwa mama wa mwanaume kwa siri? Angesema ameshajitia katika mila za kwa watu na bado hata hodi haijabishwa? Na wangesema samli ya Nenkai ndiyo iliyomvunja Leonard. Alijiambia ananyamaza ili kumkinga mama wa watu. Ndivyo tunavyojiambia. Mtu anayeogopa hakosi mtu wa kumsingizia kwamba anamkinga.

*

Siku chache baadaye, mchana, mbwa walibweka langoni. Mzee mmoja mrefu aliyejifunga shuka nyekundu alisimama pale akiwa na fimbo mkono mmoja na kamba mkono wa pili. Mwisho wa kamba kulikuwa na kondoo.

"Hodi hapa. Mimi ni Tajeu. Saibulu ni mtoto wa mdogo wangu."

Alikaribishwa sebuleni, kwa sababu hata adui hunyweshwa chai. Leonard alikuwa kwenye kochi na mkono wake uko kwenye plasta. Edda akaleta chupa ya chai na vikombe, akamwamkia mgeni, akasimama pembeni ya kabati.

"Kondoo wa nini, mzee mwenzangu?" Romani akauliza. "Kondoo haungi mfupa."

"Kweli, Baba Leonard, haungi." Kiswahili cha Tajeu kilikwenda polepole, neno baada ya neno, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. "Lakini kwetu, ukiumiza mtoto wa mtu, huendi mikono mitupu. Kijana amesema kosa ni lake. Sasa, yeye akikosa, mimi nimekosa. Nimepanda lori kuja kusema kwa mdomo wangu. Tumekukosea."

Akainama, akaiweka fimbo yake sakafuni, miguuni pa Romani. Mzee wa mvi zile! Kilemba cha aibu kikamshukia Edda mpaka masikioni.

Romani hakuiokota fimbo. "Nimesikia. Lakini ile habari ya kubisha hodi, isahauni kabisa. Fundi asiyejua alichokifunga, leo nimpe binti, kesho aniletee jeneza?"

"Baba..." Edda akasema.

Wote wakageuka. Hata kondoo kule nje alinyamaza.

"Sema, mama," akasema baba yake, maana alizoea kumwita hivyo kwa mapenzi. "Unataka kusema nini?"

Maneno yalikuwa pale. Yalikuwa machache, yamepangana, yanasubiri ulimi tu. Akamwona mama yake anamkazia macho. Akaiona ile fimbo sakafuni.

"Nauliza... kama sukari imetosha."

Tajeu akatabasamu. "Imetosha, binti yangu. Mungu akubariki."

Edda akatoka na kwenda jikoni, akatumbukiza uso wake kwenye kanga, akaing'ata ili asisikike.

*

Alasiri hiyohiyo aliteremka gereji. Saibulu alikuwa amekaa kwenye tairi bovu, amefungua kalipa, anasafisha diski kwa petroli na kitambaa. Pedi mbili alikuwa ameziweka kwenye jiko la mkaa, zinatoa moshi.

"Habari za leo," akasema Edda.

"Nzuri. Leonard anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri." Akalitazama jiko. "Unazichoma za nini?"

"Zimekunywa mafuta. Pedi ikishakunywa mafuta haibani tena. Nataka nione kama yatatoka." Akazigeuza kwa koleo. "Sijui kama yatatoka."

"Saibulu, ulijua?"

"Samli ya mama yangu? Nimekulia kwenye ule moshi tunaofukizia kibuyu, Edda. Ningeijua hata nikiwa usingizini."

"Mbona hukusema?"

"Niseme, wakutazame vile walivyonitazama mimi?" Aliinua macho, na yalikuwa yaleyale ya Jumapili, ila yamechoka. "Nilisema kosa ni langu ili upate nafasi. Nikajua baba yako akishatulia, utamwambia kwa taratibu zako. Jumatatu nikasubiri. Jana nikasubiri. Kila akipita mtu wa Bagara nilikuwa nasimama."

Edda akaanza kulia. "Niliogopa. Nilipaka kwa kukupenda..."

"Hilo najua. Hilo halijawahi kuniuma hata dakika moja." Akaikung'uta pedi. "Mzee Tajeu yuko chumbani kwangu, anasubiri lori. Amerudi anakusifu. Anasema binti wa Romani ana adabu. Alipokuwa amekaa pale na aibu yake, wewe peke yako ulimkumbuka, ukamuuliza kama sukari imetosha."

Bora angempiga kofi. Edda aliona gereji yote inazunguka, na minyororo iliyotundikwa ukutani.

"Naenda kusema," akasema. "Sasa hivi. Nikishasema, tutakuwa kama zamani?"

Saibulu aliiweka pedi chini. Akaichukua diski, akaitazama kwenye mwanga, akaanza kuifuta upya.

Edda alikwenda, na akasema. Alisema kibarazani kwao, amesimama, bila kupamba: kibuyu, alfajiri, diski, kunyamaza. Alipomaliza, mama yake akashika kifua.

"Samli ya mama yake? Umeshakuwa mkamwana wa watu na hujaposwa? Edda! Nitaanza wapi kuwaambia wanawake wenzangu wa jumuiya?"

Lakini baba yake hakuuliza habari za samli.

"Yule mzee aliweka fimbo chini," akasema. "Kwenye sakafu yangu. Na mimi sikuiokota, akaiokota mwenyewe." Akasimama. "Mfungue kondoo. Twende."

*

Walimkuta Tajeu mbele ya gereji, amekaa kwenye benchi la mbao na kikapu chake. Mzee Romani alivua kofia. Alisema yote, na hakumficha mtu, wala hakujificha mwenyewe. "Nilikutukana ukiwa nyumbani kwangu, na wewe huna kosa. Kondoo wako huyu hapa, mchukue. Na ile hodi, njooni mbishe hata kesho."

Tajeu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatikisa kichwa, bila ukali.

"Baba Leonard, nimekusamehe. Lakini kondoo wa kuomba radhi harudi. Kwetu akirudi, ugomvi umerudi. Nenda naye." Akageuza shingo. "Hiyo ya hodi si yangu. Mwenyewe yupo."

Saibulu alikuwa amesimama mlangoni, anafuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Edda alimtazama. Kila alichotaka duniani kilikuwa mlangoni pale, kimevaa ovaroli.

"Nashukuru, baba," akasema Saibulu. "Nashukuru sana kwamba umekuja kwa miguu yako. Lakini mzee wangu hatakuja."

"Mbona tena? Si Edda amesema ukweli?"

"Amesema. Na mimi sina kinyongo naye." "Baba, mimi ni mgeni mji huu. Nitasingiziwa tena, na wenye kusingizia watakuwa wengi. Siku hiyo nataka nyumbani kwangu kuwe na mtu. Jumapili nilimtafuta mtu huyo kwa macho, akainamisha kichwa. Na mzee wangu alipoinama, Edda alikuwa palepale na chupa ya chai, akauliza sukari."

"Saibulu," Edda akaita.

"Nakupenda, Edda. Usifikiri nimeacha." Akaingia ndani, na pazia likamfunika.

Wakarudi Bagara na kondoo. Mzee Romani mbele, Edda nyuma ameshika kamba, hajifuti machozi. Mzee hakumgombeza. Mara mbili aligeuka kumtazama.

Walipofika kwenye genge la Consolata, yule Mama Jesse wa nyanya asiyepitwa na jambo, mwenyewe akapiga makofi.

"Mzee Romani! Kumbe mmeshapokea mahari na hamsemi! Ila jamani, Wamasai ndio wametoa kondoo mmoja? Tena kakonda hivi! Au wengine wanafuata kwenye lori?"

Wateja wakaangua kicheko.

"Hapana, Mama Jesse," Romani akasema haraka, akimkinga binti yake kama baba yeyote. "Huyu tumemnunua tu, wa..."

"Si wa kununua," akasema Edda.

Sauti ilitoka nyembamba, akakohoa, akairudia kwa nguvu zaidi. "Si wa kununua, Mama Jesse, na si mahari. Ni wa kosa langu. Breki ya Leonard niliiharibu mimi, nilipaka diski samli. Fundi alikuwa ameifunga vizuri. Nikamwacha asingiziwe, na baba yake mkubwa akaja kuomba radhi kwa jambo nililolifanya mimi."

Kicheko kikakatika. Consolata alibaki na nyanya mkononi. "Wewe, Edda?"

"Mimi."

"Na yule kijana? Atakuoa sasa?"

"Hapana. Amekataa."

Mbele kidogo, kwenye genge linalofuata, wanawake walikuwa wameshasimama na kukinga macho jua, wanamtazama kondoo na kuulizana. Baba yake akamshika bega amvushe upande wa pili wa barabara. Edda akautoa ule mkono polepole, akavuta kamba, akawaendea wale wanawake.